Nyambura Akinyamaza

Kwanza mnisamehe kwa mwandiko. Mkono wangu ni mzito na shule niliishia darasa la saba, kwa hivyo mkikuta herufi imekosewa msidhani ni haraka. Nimeandika polepole, jioni baada ya kuosha vyombo, nikifuta na kurudia. Sista wa kliniki ndiye aliyeniomba. Alisema wazazi wanaokaa kwenye benchi lile la kungojea wangependa kusikia kutoka kwa mtu ambaye amelikalia. Nikamwambia mimi siwezi kuongea mbele ya watu. Akasema, "Sikukuambia uongee. Nimekuambia uandike."

Basi nawaandikia habari za mdogo wangu, Nyambura.

Tunakaa Dandora, vyumba viwili katika ploti yenye mfereji mmoja wa maji ya bomba uani. Baba hukata viatu vya tairi sokoni Kariokor. Mama huuza mboga karibu na nyumbani. Mimi ni binti wa kwanza, Wairimu, na hilo ni jina la mama yake Baba. Anayenifuata ni ndugu yangu Ndung'u. Halafu ikapita miaka mingi Mama bila mtoto, ndipo akaja Nyambura. Kwa desturi yetu Wakikuyu, binti wa pili hupewa jina la mama yake mama.

Huyo nyanya yetu, ambaye tulimwita cucu, alifariki kule Murang'a Mama akiwa na mimba kubwa ya Nyambura. Mvua ilikuwa imekata barabara. Mama hakufika kumzika. Mtoto alipozaliwa, Mama hakumwita Nyambura. Alimwita maitu, yaani mama yangu, na mpaka leo anamwita hivyo. Kwetu si ajabu. Ukimgombeza mtoto kwa ukali, mtu mzima hukuuliza, "Unajua ni nani unayemgombeza?"

Ilianza wakati wa mvua za masika, Nyambura akiwa mtoto wa kukimbia na kuuliza maswali. Tulikuwa tunakula. Kijiko chake kikasimama njiani. Macho yakatazama mbali, si kwetu wala si ukutani. Midomo ikawa inatafuna na hakuna chakula mdomoni. Kisha mkono wa kulia ukaanza kujisugua juu ya paja, mbele na nyuma, mbele na nyuma, vidole vimebanana. Haikuchukua muda. Akashusha pumzi, akakitazama kijiko kama kitu alichookota, akaendelea kula.

Baba alisema, "Huyu ana usingizi."

Mama alikuwa ameweka sahani chini. Machozi yalikuwa yanamtoka. "Hamwoni? Anasokota."

Inafaa niwaeleze. Cucu alikuwa akisuka vyondo, vile vikapu vyetu. Siku nzima alikaa na nyuzi za katani akizisokota juu ya paja kwa kiganja, na mara nyingine katikati ya maneno alinyamaza ghafla, macho mbali, mkono ukiendelea. Mimi mwenyewe nilimwona nilipokuwa mdogo. Watu walimsubiri, kisha akaendelea. Na huyu mtoto aliyebeba jina lake hajawahi kumwona, wala hajawahi kuona mtu akisokota katani. Amejifunzia wapi?

Toka siku hiyo, Nyambura akinyamaza, nyumba nzima ilinyamaza. Ndung'u alizima redio. Baba alivua kofia. Wanawake wa kanisa wakija kutembea, mmoja alimwinamia na kusema pole pole, "Tusalimie wa huko, cucu." Ndung'u, ambaye hana heshima ya kutosha, alinong'ona, "Mathe, muulize cucu nani anashinda mechi Jumapili." Akapigwa kwa leso, lakini hata Mama alicheka. Niambieni, nani katika nyumba kama hiyo angesema mtoto ni mgonjwa?

Lakini mimi ndiye niliyekuwa nikimwogesha na kumvisha, na niliona mengine. Nikimgusa akiwa katika kunyamaza kule, hakupepesa jicho. Mtoto anayewaza mambo yake ukimgusa bega hugeuka, hata kama kwa hasira. Huyu hakugeuka. Baadaye alikuwa anataka kulala hata kama ni asubuhi, na mara nyingine nguo ilikuwa imelowa. Tena ilikuwa inaongezeka. Nilimwambia Mama. Akasema, "Wazee huja mara nyingi wakiwa na neno."

Nilimwambia Baba. Baba alikata tairi kwanza, kisha akasema, "Jina ni la upande wa mama yako. Hapo mimi sina mdomo."

Siku ya mfereji ilikuwa asubuhi, wanawake wamepanga mitungi. Nyambura alikuwa na kopo lake dogo, anangoja zamu kama mtu mkubwa. Akanyamaza. Nikaona mkono unaanza. Halafu akatoa sauti ambayo sijui kuiandika, kama mbuzi aliyebanwa mlangoni, akakauka mwili mzima na kwenda chini, kichwa kikagonga ukingo wa saruji. Mikono na miguu ikawa inarukaruka. Wanawake walivuta watoto wao. Mmoja akapiga kelele, "Msiguse hilo povu! Litawashika!"

Aliyekuja ni jirani yetu Mama Mutua, Mkamba, ambaye mume wake huchonga vinyago. Alikuja na kijiko mkononi. "Mpanue mdomo, atameza ulimi!" Alisukuma kijiko kwa huruma yake yote na akamvunja jino la mbele. Mimi nilikuwa nimeshika kichwa tu, damu inapita katikati ya vidole vyangu.

Mama alikuja mbio kutoka kwa mboga. Mtoto alikuwa ameshalegea. Mama akampakata na kusema, akihema, "Cucu amekuja kwa nguvu leo."

"Cucu gani anamwangusha mjukuu wake kichwa chini?" akasema Mama Mutua. "Mama Wairimu, hicho ni kifafa. Usikipe jina la mtu."

"Kwenu kila kitu ni ugonjwa wa kutisha."

"Na kwenu kila kitu ni cucu!"

Kuanzia hapo hawakusalimiana, na mfereji ni mmoja. Kila mmoja alimngoja mwenzake aondoke. Mimi na watoto wake ndio tuliopeana habari za nyumba mbili.

Kichwa kilihitaji kushonwa, kwa hivyo tulikwenda kliniki. Tukaambiwa turudi kutolewa nyuzi na kumwona daktari wa watoto. Mama alikubali kwa sababu ya nyuzi.

Benchi la kliniki ni refu na limeng'aa kwa kukaliwa. Mtu wa mbele akiingia, wote mnateleza pamoja, na asiyeteleza anasukumwa. "Sogea, mama, hili benchi si la baba yako," mtu anasema, na wanaomsikia wanacheka kwa sababu wamechoka. Kuna harufu ya dawa ya sakafu na ya uji wa watoto. Karibu nasi alikaa mwanamke mwenye mvulana mkubwa ambaye shingo yake haikushika kichwa. Alikuwa amemfungia kitambaa kidevuni, safi kabisa, na alikuwa na cha pili begani.

"Wako ana nini?" akamwuliza Mama.

"Wangu hana kitu. Tumekuja kutoa nyuzi."

Yule mwanamke alimtazama Nyambura kwa muda. "Sisi sote tulikuja kutoa nyuzi, mama," akasema. Kisha akagawanya mkate wake, akatugawia kipande.

Ndani alikuwa daktari kijana na yule sista. Daktari akauliza mtoto alianguka vipi.

"Aliteleza kwa mfereji," Mama akasema.

"Kabla ya kuteleza alikuwa anafanya nini?"

"Alikuwa mzima."

Sista akanigeukia. "Na wewe, dada? Ulikuwepo?"

Nilijua nikinyamaza tutarudi nyumbani na nyuzi zimetoka na hakuna kingine. Siku nyingine hapatakuwa na mfereji, patakuwa na jiko la makaa. Lakini nilipofungua mdomo, Mama aliniangalia, na sauti ikakataa. Mimi ni mtu ambaye hata dukani huomba chumvi mara mbili kabla ya kusikika. Kumkanusha mama yangu mbele ya watu wa hospitali, hilo sikuliweza.

Kulikuwa na kigoda. Nilikaa. Nikainua mkono kama nimeshika kijiko, nikausimamisha. Nikatazama mbali. Nikatafuna hewa. Nikashusha mkono wa kulia juu ya paja, nikaanza kusugua, mbele na nyuma.

"Wairimu," Mama akasema.

Sikuacha.

"Wairimu!" Akanishika mkono na kuuondoa pajani kwa nguvu. Mimi nikabaki nimetazama kule kule, maana Nyambura naye hakugeuka alipoguswa. Mama akanishika mashavu. "Wairimu, niangalie. Acha. Niangalie!"

Nilipomwangalia, uso wake ulikuwa umebadilika. Baadaye sana ndipo aliponieleza. Alisema mimi ni wa jina lingine, jina la mama yake Baba, mtu wa kulima ambaye hakusokota hata uzi mmoja. Ndani yangu hakukuwa na cucu wa kumngoja. Kwa hivyo alipoona ile hali katika mwili wangu, aliona hali yenyewe tu. "Niliona macho hayana mtu," alisema.

Daktari aliuliza kama kuna mwingine katika ukoo. Mama akasema kwa sauti ndogo, "Mama yangu alikuwa na kovu la moto, kutoka hapa mpaka hapa. Aliangukia mafiga. Walisema alisinzia." Akapapasa mkono wake kama kovu lilikuwa kwake. "Na alikuwa akinyamaza hivyo."

"Yule siwezi kumpima," daktari akasema. "Huyu yuko hapa. Tumsaidie huyu."

Tuliondoka na vidonge vidogo vyeupe. Sista alitufundisha pale uani kwa kliniki, mimi na Mama, kwa kumlaza Nyambura chini akiwa mzima, naye akidhani ni mchezo. Akianguka, ondoa vitu vilivyo karibu, mlaze ubavu, weka kitu laini chini ya kichwa. Usimbane. Usitie chochote mdomoni, wala kijiko wala maji wala dawa ya mtu. Ulimi haumezwi. Povu haliambukizi. Kama kutupa viungo hakujaisha kabla ya wimbo mmoja wa kanisani kwisha, beba mtoto uje. Na dawa isikatizwe hata akionekana amepona, isipokuwa daktari mwenyewe aseme.

Nyumbani tulibadilisha mambo. Jiko lilipanda juu ya meza ya saruji nje, na Nyambura hakuoga tena kwenye karai bila mtu. Wiki moja baadaye Baba alirudi kutoka Kariokor na kofia ya ngozi laini, ndani ameshona sponji, na masikio mawili ya sungura juu. "Bila masikio hangeivaa," alisema. Kweli alilala nayo.

Baridi ya Julai ndiyo ilikuwa ngumu. Dawa ilimlaza. Mtoto wa maswali akawa mtoto wa blanketi. Mwili ulipoizoea, akawa wa kuuma watu na kutupa sahani. Tulirudi kliniki, wakapunguza kidogo, tukangoja. Kule kunyamaza kulikuwa kunapungua pia, kukawa kama mgeni anayesahau njia. Mimi nilifurahi. Lakini siku moja nilimkuta Mama anachambua sukuma wiki, mikono imesimama, akasema bila kuniangalia, "Haji tena." Nilikaa nikamsaidia kuchambua. Wenzangu mlio na mgonjwa, jueni kwamba dawa ikifanya kazi mtu mwingine nyumbani anaweza kuwa na msiba.

Mvua za vuli zilipoanza alikuja mama mdogo kutoka Murang'a, mdogo wake Mama. Alikuwa amesikia habari za mtoto anayesokota, na alibeba viazi na ndizi kumletea.

"Nimekuja kumwona mama, nakuta amelala mchana," akasema. "Mnampa nini?"

"Dawa," Mama akasema.

"Dawa ya nini? Ya kumfukuza?"

Jioni ile nilikuwa na kidonge mkononi, Mama akakichukua. Nikamwambia sista alisema isikatizwe. "Ni siku hizi chache tu," Mama akasema. "Mgeni akienda tutaendelea." Macho yake hayakuwa ya mtu anayemwogopa mgeni. Yalikuwa ya mtu anayengoja.

Na alikuja. Siku ya tatu, baada ya kanisa, Nyambura alinyamaza, mkono ukashuka pajani. Mama mdogo alipiga magoti akilia kwa furaha, akaushika ule mkono. "Mama, ni mimi. Nimekuja na ndizi." Alikuwa bado anaongea mkono ulipokauka ndani ya mkono wake.

Safari hii hakukuwa na mwisho. Alitupa viungo, akalegea, na kabla hajafungua macho akaanza tena. Midomo ikawa ya kijivu. Nilimlaza ubavu, nikavua leso kuweka chini ya kichwa, nikaanza wimbo kwa sauti ili nipime, mimi ambaye kanisani hufungua mdomo tu. Wimbo ukaisha. Mama alikuwa amesimama ukutani hawezi kusonga.

Mama Mutua alisikia, akaja mbio. Mlangoni alinyoosha viganja vyote viwili nione ni vitupu. "Sina kijiko," akasema. "Niambie nishike wapi." Yeye ndiye aliyembeba Nyambura mpaka barabarani na kusimama mbele ya pikapu ya viazi mpaka ikasimama. "Ukinigonga utatubeba wawili!" akamwambia dereva.

Nyambura alilazwa. Alipoamka hakuwa na maneno, na mkono wa kulia ulikuwa mlegevu. Mama mdogo alikaa kwenye benchi akijifunika uso kwa leso. Akasema, "Dada, nilitaka tu kumwona."

Mama akamjibu, na hili nililisikia kwa masikio yangu. "Wewe ulimzika kwa mikono yako. Mimi sikumzika, nikawa namtafuta kwa mtoto, mpaka mtoto nusura amfuate. Sasa nimemzika. Huyu ni wa kulea."

Kidonge hakijawahi kukosa tena. Mama ndiye anayetoa, mimi ni wa kukumbusha, na sihitajiki.

Maneno yalirudi moja moja kabla ya Krismasi. La kwanza lilikuwa "sitaki". Mkono ulirudi pole pole, tukiupa kazi ya kumenya njegere. Walimwongezea dawa ya pili, na hiyo ilimvimbisha ufizi mpaka meno yakaonekana mafupi. Tulimsugua kwa mswaki laini na maji ya chumvi, akilia, na kidogo kidogo ukashuka. Watoto wa ploti walimwita Ufizi. Ndung'u hakuwapiga kama nilivyotarajia. Aliwakusanya uani, akajiangusha chini, akatupa miguu. "Haya, mimi ndiye Nyambura. Niokoeni!" Walikuja na kijiti kumtia mdomoni, akakipiga teke. "Nimekufa! Mmeniua! Tena!" Walicheza hivyo mpaka kila mtoto akajua kumlaza mtu ubavu, na Nyambura mwenyewe ndiye aliyekuwa akiwasimamia, na kofia yake ya masikio, akisema nani amekosea.

Masika imepita mara mbili toka siku ya pikapu. Hajaanguka tena. Kunyamaza kulionekana mara chache mwaka wa kwanza, mwaka huu bado. Anakwenda shule ya nasari, na mwalimu tumemweleza. Mama na Mama Mutua sasa wanateka maji pamoja na kusema watu pamoja.

Jambo lililobaki ni hili. Jumamosi iliyopita Nyambura alikaa mlangoni, mikono mapajani, macho mbali. Hakujibu alipoitwa. Mama aliacha mboga zikaanguka. Mimi nilitoka ndani na sabuni mikononi. Baba alisimama na kisu chake cha kukatia tairi. Sote tulimfikia wakati mmoja, na Mama akamgusa bega.

Akageuka, amekasirika kabisa. "Niacheni! Nafikiri."

"Unafikiri nini, maitu?" Mama akamwuliza.

"Siwaambii."

Mama alikaa chini pale pale mlangoni, akacheka huku analia, na Nyambura akasogea upande mwingine ili asisumbuliwe.

Kwa hivyo nawauliza ninyi mlio na watoto kama huyu, hasa ambao miaka imepita salama. Mlijifunza vipi kumwacha mtoto anyamaze? Niandikieni, hata mstari mmoja, kwa mwandiko wowote ule, mkampe sista, naye atanifikishia. Mkiwa na swali nitalijibu, ila mnivumilie kwa uzito wa mkono. Mpaka hapo tutaendelea kumgusa bega, naye ataendelea kutufokea.